Gari Lililolipiwa kwa Jumamosi

Mwaka 1973 Mpolandi aliyetaka gari jipya hakwenda dukani, alikwenda benki. Benki hiyo, PKO, ilianza mwezi Februari mwaka ule kupokea fedha za wananchi kwa ajili ya gari ambalo lilikuwa bado halijaanza kuundwa nchini. Bei ilitajwa mapema: zloti 69,000, karibu mishahara ya miaka miwili ya mfanyakazi wa kawaida. Ukilipa, unapewa karatasi. Kisha bahati nasibu inaamua ni mwaka gani utaitwa kuchukua funguo. Gari lenyewe lilikuwa Polski Fiat 126p. Urefu wake ulizidi kidogo mita tatu, injini ya silinda mbili ilikaa nyuma ikipozwa kwa upepo, ujazo wake sentimita za ujazo 594, nguvu yake farasi 23. Wenyewe wakaliita Maluch, yaani kadogo.

Mimi nililifahamu zaidi ya miaka kumi baadaye. Nilifika Poland mwaka 1984 kwa ufadhili wa masomo, nikitokea Tabora, Tanzania, ambako baba yangu alikuwa mtu wa reli. Mwaka wa kwanza tulikaa Łódź kwenye chuo cha kufundisha lugha kwa wageni, sisi na Waangola, Wavietnamu, Wasyria na Wanigeria, tukipambana na maneno yenye konsonanti nne mfululizo. Kisha nikapelekwa Gliwice, huko Silesia kwenye makaa ya mawe, kusomea uhandisi wa mitambo. Theluji ya Gliwice ilianguka nyeupe asubuhi, ikifika jioni imegeuka kijivu kwa masizi.

Foleni hazikunishangaza. Nilitoka nchi ambayo mwaka uliotangulia Waziri Mkuu Sokoine alikuwa anawasaka wahujumu uchumi, sabuni zinafichwa chini ya kitanda, na sukari ya duka la serikali la RTC inampata anayejuana na muuzaji. Nyumbani tulikuwa na Jumapili ambazo gari binafsi halikuruhusiwa barabarani baada ya saa nane mchana, kwa sababu petroli haikuwepo. Kwa hiyo nilipoona nyama, na petroli pia, zinatolewa kwa kadi, nilijisikia nimefika kwa ndugu. Kilichonishangaza ni foleni ya gari. Kwetu hiyo haikuwepo kwa sababu hakuna aliyefikiri gari ni jambo la kila nyumba. Kulikuwa na Land Rover ya mkoa, Peugeot 504 ya mkurugenzi na lori la ushirika. Wengine tulipanda basi. Lakini pale mwashi, mwalimu na muuza maziwa walizungumza habari ya zamu zao za gari kama watu wanaozungumza habari ya mavuno: mwaka huu haikuwa, labda ujao.

Ili kuelewa zamu hizo lazima urudi nyuma kidogo. Desemba 1970 serikali ya Gomułka ilipandisha bei ya chakula, wafanyakazi wa viwanda vya meli vya Gdańsk na Gdynia wakaandamana, askari wakawapiga risasi. Gomułka akaondoka. Aliyeshika nafasi yake, Edward Gierek, alikuwa amewahi kufanya kazi migodini Ufaransa na Ubelgiji, na alijua mfanyakazi wa Magharibi ana nini nyumbani kwake. Akaanza kukopa fedha Magharibi ili kununua mitambo na leseni. Oktoba 1971 mkataba na Fiat ukasainiwa. Juni 1973 Maluch za kwanza zikaunganishwa Bielsko-Biała kwa vipuri vya Italia, na mwaka 1975 kiwanda kikubwa zaidi kikaanza kazi Tychy, si mbali na Gliwice yetu.

Kununua leseni ya gari si kununua ruhusa tu. Unanunua michoro, chuma cha kukandia bodi, mashine za kuchonga injini, na mafundi wa kukuonyesha. Na kwa kuwa fedha za kigeni hazikutosha, sehemu ya deni ililipwa kwa bidhaa zenyewe: kiwanda cha Poland kilimpelekea Mwitalia vipuri na magari. Kufikia mwanzo wa miaka ya themanini Waitalia walikuwa wameacha kuliunda 126 kwao, na lililouzwa Roma au Napoli lilitoka Poland. Mwenye mchoro akawa mteja. Profesa wetu mmoja alipenda kulirudia hilo darasani kwa sauti ya mtu aliyelipiza kisasi.

Rafiki yangu wa darasani alikuwa mwenyeji wa Tychy, na baba yake alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Mwisho wa wiki alinichukua kwao. Mama yake, tangu siku niliyovuka kizingiti, aliniita mwanangu, akanipa ndara za nyumbani na sahani ya supu ambamo hairuhusiwi kubaki kitu. Mzee nilimwamkia kwa adabu ya kwao, ambayo humsemeshi mkubwa kwa "wewe" hata kidogo. Mtoto wa Tabora hakuhitaji kufundishwa hilo mara mbili. Chini ya ghorofa lao, katikati ya magari mengine ya aina ileile, ilisimama Maluch yao ya rangi ya mchanga. Haikuwa na waipa. Nilipouliza, mzee alifungua mfuko wa koti akanionyesha: waipa mbili, zimefungwa kwa kitambaa. Ukiziacha nje usiku, asubuhi zimekwenda kwa mwenzako ambaye naye za kwake ziliibwa.

"Umelipataje, mzee?" nilimuuliza. Nilitegemea anisimulie habari ya benki na bahati nasibu. Mama ndiye aliyejibu, kutoka jikoni.

"Kwa Jumamosi. Jumamosi zake zote zimo humo ndani."

Sikumwelewa mpaka rafiki yangu aliponieleza treni ikiturudisha Gliwice. Agosti na Septemba 1980, wakati Gdańsk imegoma na jina la Wałęsa, kiongozi wa wagomaji, liko kila mdomo, wachimbaji wa Silesia nao waligoma. Mkataba wao ulisainiwa Jastrzębie tarehe 3 Septemba, na jambo kubwa walilolipata humo lilikuwa Jumamosi: kuanzia mwaka 1981 Jumamosi zote zingekuwa siku za mapumziko. Watu waliokuwa wakishuka shimoni mfululizo walipata siku ya kukaa na watoto. Desemba 1981 ikatangazwa hali ya vita. Katika mgodi wa Wujek, Katowice, wachimbaji tisa waliuawa. Baada ya hapo serikali haikufuta Jumamosi zile kwa maandishi, ilizinunua. Aliyekubali kushuka mgodini Jumamosi alipewa kitabu maalumu, watu wakakiita kitabu cha G, malipo ya siku ile yakaandikwa humo, na kwa kitabu hicho aliruhusiwa kununua kwenye maduka ya wachimbaji vitu ambavyo maduka mengine hayakuwa navyo: mashine ya kufulia, friji, televisheni ya rangi, samani. Na Maluch.

Mama hakulichukia gari. Alilipanda, alilifuta vumbi, na safari ya kwenda kumwona dada yake ilipofika alikaa mbele na mkoba wake magotini. Ila hakukubali lisifiwe mbele yake kama kitu kilichotolewa na mtu. Jirani akisema, "Angalau serikali imetupa gari," yeye hunyamaza kwa namna ya kumfanya jirani akumbuke ana shughuli kwake.

Mzee yeye alilisifu apendavyo. Jumapili, baada ya kanisa na chakula cha mchana, alishuka na ndoo, nasi tukashuka naye. Hapo ndipo nilipojifunza mengi ambayo maabara ya chuo haikunifundisha. Funguo peke yake haikutosha kuliwasha: katikati ya viti viwili vya mbele, karibu na breki ya mkono, kulikuwa na vijiti viwili, kimoja cha choki na kimoja cha stata. Unageuza ufunguo, unavuta choki, unavuta stata, halafu nyuma kunaanza kelele ya mashine ya kusaga mahindi. Waya wa stata ukikatika, unafungua mlango wa injini na kuisukuma stata kwa mpini wa ufagio. Wengi walitembea na mpini huo ndani ya gari na hawakuona cha kuchekesha. Gia ya kwanza haikukubali kuingia wakati gari linatembea. Heta ilileta joto lenye harufu ya injini, tena kidogo, na vioo viliganda kwa ndani. Baridi ikishuka sana, jioni wanaume walionekana wakipanda ngazi na betri mikononi, wanazipeleka zikalale sebuleni.

Kila mtu alikuwa fundi kwa sababu fundi hakupatikana, na akipatikana hana spea. Maduka ya vitabu yaliuza miongozo ya kujitengenezea Maluch yenye michoro safi kuliko ile ya vitabu vyetu vya chuo. Mhasibu alijua kurekebisha vali. Mwalimu wa muziki alijua kusafisha kabureta. Mpaka leo nikikutana na Mpolandi wa rika langu, awe daktari au padri, nadhani anaweza kuishusha injini ile na kuirudisha, na kila nilipouliza sikukosea.

Spea ndizo zilizonipa heshima katika nyumba ile. Sisi wanafunzi wa kigeni tulikuwa na kitu ambacho wenyeji hawakuwa nacho: pasipoti mfukoni. Wao pasipoti zao zilihifadhiwa na polisi na ziliombwa kila safari. Sisi tulipanda treni hadi Berlin, tukavuka kwenda upande wa Magharibi, tukarudi na kahawa, redio na suruali za jinzi za kuuza. Safari moja mzee alinipa orodha fupi: plagi mbili na mikanda ya feni. Nilivipata Berlin Magharibi, kwenye duka la kawaida la vipuri, vimepangwa rafuni na vumbi juu yake kwa kukosa mnunuzi. Gari liliundwa Tychy. Mzee aliishi Tychy. Mkanda wake wa feni ulikuwa nyuma ya Ukuta wa Berlin, na aliyeweza kuufikia alikuwa mtoto wa mtu wa reli kutoka Tabora.

Mkanda mmoja ulifanya kazi mwaka huohuo. Tulikwenda milimani, watu watano, na hapa naomba msomaji asifikiri natia chumvi: watano, mmoja wao mimi mwenye miguu mirefu, na juu ya keria hema na chungu cha chakula kilichofungwa kwa kamba. Njia ilipita Bielsko-Biała, mji wa kiwanda cha kwanza, kisha Szczyrk, kisha inapanda kwenye njia ya mlima ya Salmopol, zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mzee alisimama kabla ya kupanda, akaufungua kidogo mlango wa injini na kuuwekea kipande cha mti usifunge, ili upepo uingie. Magari yote yaliyopanda mbele yetu yalikuwa yamefanya hivyohivyo. Katikati ya mlima mkanda ukakatika, taa nyekundu ya dainamo ikawaka, na kwa kuwa mkanda uleule ndio unaozungusha feni, hatukuwa na dakika nyingi.

Kila Mpolandi atakusimulia kwamba mkanda ukikatika unavua soksi ndefu za mke wako, unazifunga fundo, unafika nyumbani. Nilimwambia mzee, nikitaka kuonyesha nimeielewa nchi. Mama akageuka kutoka kiti cha mbele.

"Soksi hizi nimezipangia foleni asubuhi nzima," alisema. "Mkanda upo. Afunge mkanda."

Akafunga mkanda wa Berlin. Tulishuka wote wakati anafunga, tukala mkate na soseji kando ya barabara, na madereva waliopita walisimama kuuliza kama tunahitaji kitu. Hilo nalikumbuka kuliko mandhari ya milima.

Ukitaka kusoma siasa za nchi zile, ilitosha kusimama kwenye maegesho ya chuo chetu. Karibu kila gari pale lilikuwa na baba wa kambo Magharibi. Lada ya profesa ilikuwa Fiat 124. Mwaka 1966 Fiat ilisaini mkataba na Umoja wa Kisovieti, kiwanda kikajengwa kando ya mto Volga kwenye mji uliopewa jina la Palmiro Togliatti, kiongozi wa wakomunisti wa Italia, na gari la kwanza likatoka mwaka 1970. Warusi hawakulichukua lilivyo. Walifanya mabadiliko zaidi ya 800: bodi ya chuma kizito, injini mpya, gari limeinuliwa juu, breki za diski za nyuma zikaondolewa na kuwekwa za ngoma kwa sababu ya matope, na likawekwa tundu la mkono wa kuzungushia injini gari likiganda. Kizazi kile cha Lada kiliendelea kuundwa Urusi hadi 2012. Mimi naiona Lada ndiyo leseni iliyofanyiwa kazi vizuri kuliko zote, na rafiki zangu wa Poland wanisamehe.

Dacia ya Romania ilikuwa Renault 12, na ilikuwa na kisa chake: ilionyeshwa Bucharest Agosti 1969, kwenye sikukuu ya taifa, kabla Renault yenyewe haijaionyesha dunia Paris. Bidhaa ya leseni ilimtangulia mama yake. Miaka ya themanini Waromania nao walikuwa na Jumapili zao: wiki hii magari ya namba shufwa, wiki ijayo witiri. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu, nikiwaza Jumapili za saa nane za kwetu. Zastava ya Yugoslavia ilikuwa Fiat pia, na ile ndogo ya kwao, iliyotokana na Fiat 600, iliundwa Kragujevac kwa miaka thelathini, hadi 1985. Mwaka huohuo Zastava nyingine, Yugo, ilianza kuuzwa Marekani kwa chini ya dola 4,000, ikawa kichekesho cha taifa zima.

Poland yenyewe ilikuwa na kaka mkubwa wa Maluch, Polski Fiat 125p, lililoundwa Warszawa tangu Novemba 1967: bodi ya Fiat 125, ndani yake injini na mitambo ya Fiat za zamani zaidi. Lilikuwa gari la teksi, la polisi, la mkurugenzi wa kiwanda. Mkataba wa leseni ulipokwisha mwaka 1983, gari halikubadilika, jina tu ndilo lililong'olewa, likaitwa FSO. Nililikuta tena Kairo nikiwa safarini kurudi nyumbani kwa likizo, teksi nyeusi na nyeupe, na dereva hakuamini nilipomwambia gari lake ni la Poland. Kwake lilikuwa Fiat, na Fiat ni Italia, basi.

Kulikuwa na uchumi mzima wa kichwa chini miguu juu kulizunguka gari. Gari jipya lilikuwa na bei ya serikali. Lililotumika lilikuwa na bei ya soko. Kwa hiyo Jumapili kwenye mnada wa magari Maluch iliyokwishatembea iliuzwa ghali kuliko mpya, kwa sababu hiyo ilikuwepo na mpya haikuwepo. Mwenye dola alikwenda duka la Pewex na kulichukua gari bila foleni, katika nchi iliyojitambulisha kuwa ya wafanyakazi. Mwenye mjomba kwenye chama alipata kibali maalumu. Na bidhaa iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ile iliyokataliwa na wateja wa nje: mtu akikuambia kitu chake ni "cha kurudishwa kutoka nje", anajivuna, maana hata kilichokataliwa na Wajerumani kimetengenezwa kwa uangalifu kuliko cha ndani.

Dada yake mama, yule tuliyekuwa tukimtembelea, hakuwa na mume mgodini, dola, wala mjomba kwenye chama. Alikuwa muuguzi. Mwaka 1981 aliingia kwenye mpango mpya wa malipo ya awali ya Maluch, akalipa kila mwezi. Zamu yake ingefika mwishoni mwa muongo. Muongo ukaisha, serikali ikaisha, mfumuko wa bei ukaja na kula akiba zote, na yeye akabaki na karatasi. Walikuwa maelfu kama yeye. Serikali iliyofuata ililazimika kuwalipa fidia miaka ya tisini, kiasi ambacho hakikumnunulia mtu gari.

Mimi nilimaliza masomo wakati mambo yanabadilika. Juni 1989 Wapolandi walipiga kura, na mwaka uliofuata maduka yalikuwa yamejaa na mifuko ya watu imekauka. Magari yaliyotumika kutoka Ujerumani yakaingia kwa maelfu. Fiat ikakinunua kiwanda cha Tychy, na humo likaundwa gari jingine dogo, Cinquecento. Hata hivyo Maluch haikufa. Kwa miaka ya tisini yote ndilo lilikuwa gari jipya la bei nafuu kuliko yote nchini, gari la wanafunzi na la wastaafu, na mwaka 1997 kiwanda kikakubali rasmi kuandika "Maluch" kwenye bodi. La mwisho lilitoka tarehe 22 Septemba 2000. Jumla yake Poland ni magari 3,318,674.

Niliporudi Tychy, nikiwa tayari na mvi, mzee alikuwa amekwishafariki, na gari liliuzwa zamani. Mji ulikuwa na mapambo ya Maluch kila mahali: kwenye vikombe, kwenye fulana, kwenye vitu vya kuning'iniza funguo. Vijana waliozaliwa baada ya yote hayo walikuwa na klabu zao, wanapaka rangi upya, wanapanda milima ileile kwa kujifurahisha. Mwaka 2017 wakazi wa Bielsko-Biała walichanga fedha wakamtumia mwigizaji Tom Hanks Maluch nyeupe, kwa sababu tu aliwahi kupiga picha akiwa kando ya gari kama hilo na kulitania mtandaoni. Kabla ya hapo, mwaka 2014, msafiri wa Kipolandi Arkady Fiedler alivuka Afrika kutoka kaskazini hadi kusini kwa Maluch ya kijani. Nilipoisikia habari hiyo nilifikiria barabara zetu za vumbi na farasi wale 23, nikasema mzee angeulizia mikanda ya feni kwanza.

Sina ugomvi na vijana hao. Gari kuukuu linapendeza, na kumbukumbu ya ujana wa wazazi ni mali halali. Ila kuna namna ya kulikumbuka ambayo inanikera, na nimeisikia hata hapa nyumbani kwa wenzetu tuliosoma nao Ulaya Mashariki: kwamba zamani kila kitu kilipangwa, kila mtu alipata gari lake, tatizo ni kusubiri tu. Muuguzi yule alisubiri. Na upande wa pili wapo wanaocheka gari lenyewe kana kwamba ujinga wa wale waliolinunua ndio uliolifanya dogo. Watu hao hawajawahi kuishi bila gari lolote. Familia iliyokuwa na baiskeli na tiketi ya tramu, ikapata vyumba viwili vya chuma vyenye magurudumu, ilikwenda mpaka Bulgaria na bahari ya Yugoslavia. Wengine walivuta nyuma yake kibanda cha kulala kilichoundwa makusudi kwa udogo wa gari lile. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba hakwenda popote.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Kibaha, kwenye eneo la viwanda la TAMCO ambako Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilikuwa linaunganisha matrekta ya Ursus kutoka Poland. Nilisimama pale muda mrefu kuliko shughuli iliyonipeleka. Ursus nayo ilikuwa mtoto wa leseni: mwaka 1974, enzi zilezile za Gierek na mikopo yake, ilinunua haki ya kuunda matrekta ya Massey Ferguson. Mwaka 2021 kampuni hiyo ikatangazwa kufilisika. Wa kwanza niliyemkumbuka nilipoisoma habari hiyo ni mzee na orodha yake ya spea. Nchi inayonunua leseni au inayounganisha vya wengine iulize bei ya mashine, sawa, lakini iulize pia mkanda wa feni utanunuliwa wapi baada ya miaka kumi, na nani atafundishwa kuutengeneza. Poland ililiweza hilo nusu: Bielsko-Biała ilikuza wahandisi wake, wakaibuni upya injini ya Maluch ipozwe kwa maji mwaka 1987. Spea dukani haikuziweza kamwe.

Ukipita Silesia siku moja ukaikuta Maluch imeng'arishwa kwenye maegesho, ipige picha upendavyo. Lakini akiwepo mzee kando yake, au bora zaidi mama mzee, mwamkie kwanza, kisha muulize gari hilo lililipiwa na nini. Andika jibu lake. Hao ndio wanaojua, na hawatakuwepo muda mrefu.